Gazeti la Sh60, Bando la Sh20: Hesabu ya Habari Njoro

Kwa miaka mingi Daily Nation na The Standard zimeuzwa kwa bei moja, Sh60 kwa nakala. Mkulima wa Njoro ambaye angenunua gazeti siku sita kwa wiki angetumia Sh360 kila wiki, na kwa mwaka mzima Sh18,720. Kwa bei ya mbolea ya ruzuku iliyotangazwa mwaka 2023, yaani Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50, fedha hizo zinanunua mifuko saba na kubakiza karibu nusu ya bei ya mfuko wa nane. Ndiyo maana watu wengi husoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama mbele ya meza ya mwuza magazeti, kisha wakaenda zao.

Upande wa pili kuna bando. Mojawapo ya vifurushi vya Safaricom vilivyozoeleka ni cha Sh20 kwa MB 250, kinachoisha baada ya saa 24. Ukikinunua kwa siku zilezile 312 za mwaka, unatumia Sh6,240, theluthi moja kamili ya gharama ya gazeti. Na humo ndani hukupata habari peke yake. Umepata pia ujumbe wa shule ya watoto, bei ya maziwa kutoka kwa mwenyekiti wa chama cha ushirika, na picha za harusi ya binamu yako.

Kwa hesabu hiyo mjadala ungekwisha hapa. Lakini tunalinganisha vitu visivyolingana: nakala moja, ambayo hupita mikononi mwa watu wengi, na bando moja, ambalo hutumiwa na mtu mmoja. Hesabu ya haki ni ile ya kila msomaji na ya kila habari iliyosomwa. Na baada ya hapo, inafaa kuifuata shilingi hadi inakoishia, maana gharama iliyompungukia msomaji haikupotea hewani.

Kaunti ndogo ya Njoro ilikuwa na watu 238,773 katika sensa ya 2019, ya pili kwa wingi wa watu katika kaunti ya Nakuru baada ya Naivasha. Hapa pana kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939. Pana kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, ambako mbegu za ngano zimekuwa zikizalishwa tangu 1927. Pana mashamba makubwa ya ngano na shayiri, pana wakulima wadogo wa viazi na maziwa, na pana vijiji vinavyopakana na msitu wa Mau ambako mawimbi ya simu huja na kwenda. Profesa mwenye intaneti ya chuo ofisini na mama anayechuuza mboga karibu na reli wote ni wakazi wa Njoro, lakini habari haiwafikii kwa gharama moja.

Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba, kitaifa, asilimia 47.3 ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi walikuwa na simu ya mkononi, lakini waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6 tu. Tuseme waziwazi maana yake: kwa kila watu wawili waliokuwa na simu, hata mmoja kamili hakuwa mtandaoni. Simu ya kabambe, ile ya vitufe, inapokea M-Pesa na ujumbe mfupi, haifungui tovuti ya gazeti. Idadi hiyo imepanda tangu wakati huo, ila kwa hesabu za makala hii nitachukua makadirio ya chini yanayokaribia kiwango cha sensa: watu 50,000 wa Njoro wanaotumia intaneti. Ni namba ya kufanyia hesabu, na msomaji anayeamini ni wengi zaidi anaweza kuzidisha mwenyewe.

Tuanze na simu. Ukurasa wa habari mtandaoni, pamoja na picha zake, matangazo yake na programu ndogondogo za kumfuatilia msomaji, si vibaya kuuhesabia MB 3. Habari kumi ni MB 30. Katika bando la Sh20 kwa MB 250, kila MB ni senti 8, kwa hiyo habari kumi zinagharimu Sh2.40. Hapo pana jambo la kukasirisha kidogo. Habari ya maneno 500, ikiwa herufi tupu, haifiki hata KB 5. Ukurasa wa MB 3 una uzito wa mara 600 na zaidi ya maneno yaliyomo. Msomaji anayehesabu senti zake analipia usafiri wa matangazo ya wengine ili afikiwe na aya kumi na mbili alizozitaka.

Ongeza bei ya simu yenyewe. Oktoba 2023 Safaricom ilipoanza kuuza simu zilizounganishwa Athi River, ile ya bei nafuu, Neon Smarta, ilitangazwa kwa Sh7,499. Ikidumu miaka mitatu bila kuanguka kwenye ndoo ya maji, ni Sh6.85 kwa siku. Tukisema sehemu moja ya kumi ya matumizi yake ni kusoma habari, habari inabeba kama senti 70. Umeme wa kuchaji ni mdogo sana: betri ya kawaida ya mAh 5,000 haitumii umeme wa shilingi moja kuijaza, na sehemu ya habari katika hiyo ni senti kumi hivi. Jumla, habari kumi kwa siku ni takriban Sh3.20.

Hiyo ni kwa mtu ambaye bando lake lina kazi nyingine pia. Yule anayeweka bando la Sh20 ili tu ajue yaliyojiri, kisha likaisha saa 24 baadaye likiwa na MB 180 ambazo hazijaguswa, amelipa Sh20 kwa habari zake. Akiwa amekopa salio kwa Okoa Jahazi, kuna ada ya asilimia 10 juu ya mkopo. Na yule aliyenunua kifurushi cha WhatsApp pekee amejipunguzia gharama kwa namna nyingine kabisa: anaona kichwa cha habari kilichotumwa kwenye kundi, anaona picha, lakini akibonyeza kiungo hakifunguki. Watu wengi wanaosemwa kwamba hawasomi hadi mwisho wamefungiwa mlango na kifurushi walichomudu kununua.

Sasa tuifuate nakala moja ya gazeti, ile inayonunuliwa na hoteli ya chai karibu na steji. Alfajiri mwenye hoteli anaipitia akisubiri mandazi yaive. Kufikia saa moja na nusu imeshagawanyika vipande: madereva na makanga wana kurasa za michezo, ambazo kila mmoja huzianza kutoka nyuma, na mwalimu anayesubiri matatu ya Mauche anatafuta matangazo ya ajira. Mzee mmoja hufungua moja kwa moja matangazo ya vifo, anasoma majina ya wafiwa wote hadi wakwe na vitukuu, na akimwona mtu wa kwao anauliza mazishi ni lini. Saa nne kurasa zinakusanywa, moja ina doa la chai, zinakunjwa upya. Mchana gazeti liko kwa kinyozi wa mlango wa pili. Baada ya siku chache linauzwa kwa kilo pamoja na mengine, na mwisho wake ni kufungia nyama buchani au kuziba nyufa za ukuta wa nyumba ya mbao ili baridi ya Njoro isipenye.

Nakala hiyo husomwa na watu 15 au 20 bila shida. Sh60 ukigawa kwa 15 ni Sh4 kwa msomaji. Ukigawa kwa 20 ni Sh3. Simu yetu ilitupa Sh3.20.

Hilo ndilo jambo ambalo hesabu ya nakala moja kwa bando moja huficha. Kwa kila msomaji, gazeti la hotelini na simu ya mkononi zimekuwa karibu bei moja. Karatasi ni ghali kwa anayeinunua peke yake na kuifungia nyumbani. Ikishirikiwa, ni miongoni mwa njia rahisi kuliko zote za kupata habari, na wale watu 20 wanapata kitu ambacho simu haitoi: wamesoma ukurasa uleule asubuhi ileile, kwa hiyo wanaweza kubishana juu yake. Wapo pia wauzaji wanaomkodishia mtu gazeti kwa shilingi chache asome palepale na kulirudisha, biashara ambayo wachapishaji hawajawahi kuipenda. Kwao kila msomaji wa kukodi ni nakala moja ambayo haikuuzwa. Kwa mtaa mzima, ni msomaji aliyeongezeka.

Tabia hiyo ya kushirikiana haikufa simu zilipokuja. Ilihama. Asubuhi, kabla hata gari la magazeti halijafika Nakuru, nakala ya PDF ya gazeti zima huwa inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Ikiwa na MB 25, kuipakua ni Sh2 za bando. Tofauti na gazeti la hotelini ni kwamba kule mtu mmoja alitoa Sh60 na wengine 19 wakasoma kwa ukarimu wake. Huku inawezekana watu elfu wakasoma na aliyelipa asionekane. Sh2 hizo huenda kwa kampuni ya simu na kwa serikali. Aliyeandika habari hapati kitu.

Kwa nini basi mchapishaji asishushe bei ya karatasi? Jibu liko kwenye wingi wa nakala. Nation Media Group (NMG) ilipozindua mtambo wake mpya wa uchapishaji jijini Nairobi mwezi Machi 2016, kwa shilingi bilioni 2, ulielezwa kuwa na uwezo wa kuchapisha nakala 86,000 kwa saa. Mtambo huo ungempa kila mtu wa kaunti ndogo ya Njoro, hadi mtoto mchanga, nakala yake kwa muda usiofika saa tatu. Ikiwa ni mtu mmoja tu katika kila mia anayenunua, zinahitajika nakala 2,388, na mtambo unazimaliza kwa sekunde 100. Mashine ya namna hiyo ilijengwa kwa ajili ya wingi. Wingi ukipungua, gharama ya mtambo na vipuri haipungui, na wale mafundi wa usiku bado wanapaswa kulipwa.

Karatasi nayo ina hesabu yake. Toleo la kurasa 40 lina uzito wa kama gramu 100, hivyo tani moja ya karatasi ya magazeti inatoa nakala 10,000. Tukichukua bei ya dola 700 kwa tani, kila nakala imebeba karatasi ya senti 7 za dola. Dola ikiwa Sh129, hiyo ni Sh9. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipokuwa karibu Sh160, karatasi ileile ilikuwa Sh11.20. Shilingi mbili zimeongezeka kwa nakala bila neno moja kuongezwa ndani yake. Ukisimama Njoro ukatazama upande wa Elburgon unaona misonobari na misipresi ya Mau, lakini kiwanda cha karatasi cha Webuye, kilichoanza kazi mwaka 1974, kilisimama mwaka 2009, na karatasi ya magazeti huletwa kwa meli hadi Mombasa.

Kisha kuna gari. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160, na hadi Njoro ongeza 20. Kwenda na kurudi ni kilomita 360. Gari linalotumia lita moja kwa kilomita 10, kwa mafuta ya Sh180 kwa lita, linakula Sh6,480 kabla hujamlipa dereva. Likibeba nakala 5,000 za njia hiyo, kila nakala inabeba Sh1.30 ya mafuta. Likibeba 500, kila nakala inabeba Sh13. Barabara ni ileile na usiku ni uleule. Kwa hiyo kila mnunuzi anayehamia simuni anawaachia waliobaki sehemu yake ya mafuta, na hao waliobaki kwa kawaida ni wazee, hoteli, vinyozi na ofisi. Hapa hesabu inaanza kuuma, kwa sababu ile hoteli ya chai yenye wasomaji 20 iko mwisho kabisa wa barabara hiyo. Gari likifupisha safari yake, mji mdogo ndio unaokatwa kwanza.

Vitabu vya hesabu vya NMG vinaonyesha mteremko huo. Mapato ya kampuni yalizidi shilingi bilioni 13 mwaka 2013. Mwaka 2023 yalikuwa takriban bilioni 7, na mwaka ukafungwa kwa hasara. Ukikumbuka kwamba shilingi ya 2023 ilinunua kidogo kuliko ile ya 2013, anguko ni kubwa kuliko namba zinavyosema. Hii ni kampuni iliyoanzisha Daily Nation na Taifa Leo kama magazeti ya kila siku mwaka 1960. Mshindani wake, The Standard, lilizaliwa Mombasa mwaka 1902 mikononi mwa A. M. Jeevanjee. Magazeti haya yamevuka ukoloni, udhibiti wa serikali na mapinduzi yaliyoshindwa. Sasa yanapambana na hesabu ya kugawanya.

Na je, msomaji alihamia wapi? Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford, katika ripoti yake ya mwaka 2023, iliikuta Kenya kileleni kwa matumizi ya TikTok kati ya nchi ilizochunguza: asilimia 54 ya waliohojiwa waliitumia kwa jambo lolote, na asilimia 29 kwa habari. Utafiti huo uliwahoji watu wanaojua Kiingereza na walio mtandaoni, kwa hiyo unamwakilisha mwanafunzi wa Egerton kuliko mkulima wa Nessuit. Hata hivyo, unatuambia bando linatumikaje. Video ya dakika 30 kwa ubora wa 480p hula kama MB 240, karibu bando zima la Sh20. Kwa MB hizohizo ungesoma kurasa 80 za habari. Kwa hiyo anayepata habari kwa video hapati habari ya Sh3.20. Anakaribia bei ya kuweka bando jipya kila siku.

Wakati mwingine video hiyo inastahili kila senti. Machi 2024 chombo cha mtandaoni Africa Uncensored kilitoa uchunguzi kuhusu mbolea bandia iliyokuwa ikiuzwa katika mpango wa ruzuku. Suala hilo likafika bungeni, na Mei mwaka huohuo wabunge wakapiga kura ya kutaka Waziri wa Kilimo aondolewe, ingawa kamati maalumu baadaye haikuona hatia. Mkulima wa Njoro mwenye ekari kumi, anayeweka mfuko mmoja kwa ekari, alikuwa na Sh25,000 za mbolea kwenye mizani, bila kuhesabu mbegu, trekta na msimu mzima wa mvua. Habari kama ile, ikimfikia kabla hajapanda, ina thamani kuliko bei ya gazeti la kila siku la mwaka mzima. Nayo haikuanzia kwenye karatasi. Wanaodhani kazi nzito ya uandishi haiwezi kufanywa mtandaoni wana la kujifunza hapo. Ila lazima mtu aigharamie, na hilo linaturudisha kwenye shilingi zetu.

Sh20 ya bando inakwenda wapi? Ushuru wa bidhaa kwa huduma za simu na data ulipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20 mwaka 2021, kisha ukarudishwa 15 mwaka 2023. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, inayotozwa baada ya ushuru huo kuongezwa. Piga hesabu: huduma ya Sh100 inakuwa Sh115, kisha Sh133.40. Maana yake katika kila Sh20 unayolipa, Sh15 ni huduma na Sh5 ni kodi. Robo nzima.

Watu wetu 50,000 wa Njoro wakinunua kila mmoja bando la Sh20, hiyo ni shilingi milioni moja kwa siku. Serikali inachukua 250,000, na kampuni za simu 750,000. Linganisha na wale wanunuzi 2,388 wa gazeti la Sh60, ambao wangetoa Sh143,280. Watu wa Njoro hawajaacha kutumia fedha ili wajue ya ulimwengu. Kwa makadirio haya wanatumia mara saba ya wanunuzi hao wa magazeti. Ila katika ile milioni, sehemu ya mwandishi wa habari ni sifuri, isipokuwa senti za matangazo zinazorudi baada ya kampuni za mitandao za Marekani kuchukua chao.

Majirani wameonja kodi kali zaidi. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa yeyote anayetumia mitandao ya kijamii, shilingi 6,000 kwa mwezi kwa anayetumia kila siku. Watu wakakimbilia VPN ili kuikwepa, na mwaka 2021 tozo hiyo ikaondolewa na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye bando la intaneti. Tanzania nayo mwaka 2018 iliwataka wanablogu kupata leseni kwa gharama iliyofika shilingi milioni 2.1 za Tanzania, fedha ambazo kijana anayeandika habari za wilaya yake hawezi kuziona kwa pamoja. Kodi ya msomaji na leseni ya mwandishi hufanya kazi moja: zinapandisha bei ya kujua.

Karatasi na simu zote mbili zina siku zake mbaya. Agosti 25, 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima kwa saa nyingi, na simu zikazima moja baada ya nyingine. Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia Bungeni, intaneti ilididimia nchini kote saa zile ambazo watu waliihitaji kuliko wakati wowote. Karatasi isingeathirika na hayo, lakini karatasi hupita barabarani. Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, barabara za Bonde la Ufa zilipofungwa kwa mawe na magogo, hakuna gari la magazeti lililokuwa na njia ya uhakika. Redio ya betri ndiyo iliyobaki, na kwa wengi wa kabambe bado ndiyo inayotangulia.

Rudi kwenye zile Sh5 za kodi ya bando. Februari 2021 Nation ilipoweka uzio wa malipo kwenye tovuti yake, ilianza kwa Sh50 kwa wiki na Sh150 kwa mwezi. Sh150 kwa mwezi ni Sh5 kwa siku, sawasawa na kodi inayokatwa kwenye bando la Sh20. Watu wengi walilalamika kwamba habari imekuwa ghali, na malalamiko hayo nayaelewa, kwa sababu mlalamikaji alikuwa ameshalipa Sh20 kabla hajafika kwenye uzio. Kwake habari haikuwa Sh5. Ilikuwa Sh25.

Lakini tazama kile ambacho Sh5 ingeweza kufanya ikikaa karibu na nyumbani. Eneo la Njoro lina wadi sita: Mau Narok, Mauche, Kihingo, Nessuit, Lare na Njoro. Mwandishi anayekwenda Mau Narok kuuliza bei ya viazi, kwa nini barabara haipitiki au kwa nini zahanati haina dawa, anahitaji nauli, chakula na bando. Tumhesabie Sh1,000 kwa siku, Sh30,000 kwa mwezi. Kila wadi ingefikiwa mara tano kila mwezi. Mshahara wake tuuweke Sh40,000. Jumla ni Sh70,000. Katika kila Sh150 ya msomaji, ukiondoa VAT ya asilimia 16, hubaki kama Sh129. Wanahitajika wasomaji wasiofika 550. Mhariri, wakili na seva vinaongeza, ila vinaweza kugawanywa na kaunti ndogo nyingine kumi za Nakuru. Wasomaji 550 kati ya watu 50,000 walio mtandaoni ni karibu mtu mmoja katika kila 90, na kuna hoteli za Njoro ambazo siku ya soko huwahudumia watu wengi kuliko hao kabla ya saa sita mchana.